Olga Protokole na Kisanduku Kilichokalia Kiti cha Prezida

Kasongo ni mji usio na anwani, na hakuna anayelalamika. Mgeni akitafuta nyumba ya mtu anaambiwa: shuka na njia ya soko, pita msikiti, ukiona mama anakaanga mikate chini ya bati lenye kutu usisimame, endelea, halafu uliza. Neno la mwisho ni hilo daima: uliza. Zipo nyumba ambazo watu wa sensa fulani walizichora namba ukutani, lakini wenyewe walishazipiga chokaa. Nani anataka serikali ijue anapolala?

Katika mji huo ndimo Mama Olga alimopewa kazi ya kugawa anwani.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa protokole. Usicheke, ni kazi. Huku kwetu huwezi kuoa, kuzika, kumpokea askofu wala kufungua choo cha shule bila mtu anayejua nani akae wapi. Viti vya plastiki vyote ni sawa, vimetoka kiwanda kimoja na vyote vinateguka mguu uleule, lakini mkalishe mkuu wa kwaya mbele ya mkuu wa shule uone kama harusi itafika kwenye wali. Olga alikuwa anaingia uwanjani mapema, kitambaa begani, anatazama viti kama jenerali anavyotazama ramani. Kisha anasimama na kuita kwa sauti, majina na vyeo, kila mtu kwa hadhi yake, kuanzia mheshimiwa wa kwanza mpaka yule ambaye cheo chake pekee ni kwamba amekuja. Maikrofoni ilikuwa inapatikana siku umeme unapopatikana. Unaweza kuhesabu mwenyewe. Wachungaji wamekuja na kwenda, mashehe wamealikwa na kukaa, na wote walikalishwa na Olga.

Ndiyo maana sauti yake ikafa. Ilianza kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya "mheshimiwa", na kwenye matanga fulani ikaisha kabisa, mkuu wa kartie, yaani mtaa, akabaki amesimama juani akingoja kuitwa. Daktari akamwambia: nyamaza, la sivyo utanyamaza moja kwa moja. Ushauri mzuri sana kwa mtu anayekula kwa kuita.

Hapo ukaingia ushirika wa wakulima wa mpunga, wenye nyumba yake ya matofali karibu na soko. Mradi mmoja wa mbali, wa wale wanaotupenda bila kutujua, uliwatumia sahani ya satelaiti, kompyuta zilizokwisha kuzeeka mahali pengine, na kisanduku cheupe cha plastiki chenye taa za kijani. Prezida wa ushirika, Papa Octave, alizunguka maboksi yale mikono nyuma. Ni mtu mzito, mwenye kofia ya ngozi ambayo haivuliwi hata kwa joto. Akauliza nani atasimamia. Olga, aliyekuwa ameletwa kupanga viti vya mapokezi ya maboksi (ndiyo, maboksi yalipokelewa), alikuwa tayari ameyapanga kivulini kwa ukubwa, madogo mbele.

"Huyu mama anajua kupanga," akasema Papa Octave. "Atapanga na hizi."

Ndivyo tulivyopata mkuu wa informatike, mambo ya kompyuta. Nchi nyingine wanafanya mitihani, maskini.

Lakini palikuwa na sharti. Olga alipewa kiti, meza, na ufunguo wa chumba, kwa majaribio mpaka mkutano mkuu, siku wajumbe wa tawi la Kabambare watakapofika. Siku hiyo mashine zikiwa zinaona dunia, kazi ni yake. Zikiwa hazioni, kazi ni ya Hervé, mtoto wa dada wa Papa Octave, aliyekuwa Kindu akingoja kwa tai shingoni. Na Olga atarudi kuita waheshimiwa kwa sauti asiyokuwa nayo.

Aliyemfundisha ni Kassimu, kijana wa hapa mjini, ukoo wa wauza nguo, aliyejifunza mambo ya mitandao kwa kuharibu ya wengine. Somo lilikuwa kwenye baraza, mchana mmoja.

"Yaya Olga," alianza, kama anavyoitwa dada mkubwa kwetu, "kila mashine iko na adrese, anwani yake. Ni namba ine, katikati unatia nukta. Kila namba inaanza ku sifuri, inafika ku mia mbili makumi tano na tano. Haipite pale."

"Kwa nini haipite?"

"Wazungu walichoka."

Akachukua chaki akaandika sakafuni: 192.168.1, kisha nukta, kisha pengo.

"Hizi tatu za mbele ni avenyu, njia ya mutaa. Wote tuko mu avenyu moja. Hii ya mwisho njo parseli yako, kiwanja chako. Kama Octave iko parseli kumi, wewe uko kumi na moja, munaonana bila kutoka inje. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na sifuri?"

"Sifuri ni jina la avenyu yenyewe, mutu haishi mule. Na ile mia mbili makumi tano na tano ni ya kulalamika kwa wote. Ukitumia ujumbe pale, kila nyumba inasikia."

"Kama mimi ku harusi."

"Kama wewe yaya, zamani." Wakacheka, Olga bila sauti. "Kitu kimoja usisahau kabisa: mashine mbili zisikuwe na namba moja. Ni kama watu wawili kukalia parseli moja. Vita. Na sasa sikia hii, ni ya maana kupita zote. Kisanduku kile cheupe nacho kiko na..."

Hapo Papa Octave akapita barazani. Wote wakasimama. Papa Octave akasalimia, akaeleza habari za mgongo wake, akauliza kama sahani ile juu ya paa inaweza pia kuvuta mpira, akaenda. Walipokaa tena, chaki ilikuwa imekanyagwa na lile neno la maana kupita yote limeondoka na kiatu cha Prezida.

"Nilikuwa wapi?" akauliza Kassimu.

"Ku vita ya parseli."

"Bon. Basi. Kisanduku kitagawa namba chenyewe. Wewe usifanye kitu."

Akaondoka na pikipiki kwenda Lusangi, ambako kaka yake alikuwa na shimo la dhahabu. Informatike yetu yote imeelekea kule, kuchimba.

Usifanye kitu. Unamwambiaje hivyo mtu wa protokole? Asubuhi ya kwanza kisanduku kiligawa namba kama mlevi anayegawa pipi: anayekuja kwanza anapata kwanza. Na anayekuja kwanza kazini ni nani? Sentinele, mlinzi wa usiku, aliyelala pale, na simu yake mfukoni. Papa Octave, ambaye huja jua likiwa limekwisha kupanda, alivuta kiti karibu na meza ya Olga.

"Mama Olga, mimi niko namba ngapi?"

Olga akatazama kioo. "Kumi na nane, Prezida."

"Na sentinele?"

Palikuwa na namna nyingi za kujibu. Olga alichagua ukweli, na tangu siku ile hajarudia. "Mbili."

Papa Octave alivua kofia. Sentinele, aliyekuwa dirishani, alisema baadaye kwamba hajawahi kuona kichwa kile, na kwamba kilikuwa kinatoa mvuke.

Basi Olga akafanya anachojua. Aliziketisha mashine kwa mkono, moja moja, kila moja kwa hadhi yake. Papa Octave: 192.168.1.1. Makamu wake Mama Soraya, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese mwenye maneno ya moto kuliko mafuta yake: 2. Mhasibu, 3. Na kuendelea hivyo, mpaka simu ya sentinele, iliyopelekwa parseli mia moja themanini, porini kabisa, ikajifunze adabu. Ulikuwa mpangilio safi. Kama ingekuwa harusi, watu wangelia.

Intaneti ikafa.

Haikufa moja kwa moja, na hilo ndilo lililowachanganya. Asubuhi, sentinele akiwa peke yake, ilikimbia. Papa Octave akifungua mashine yake, chuma cha zamani kilichovuma kama kinu cha muhogo, koneksio ilikatika kwa wote. Akienda kula, ilirudi. Akirudi, ilikwenda. Kwenye kioo chake kulikuwa kunatokea kidirisha chenye maneno ya Kifaransa kwamba kuna mgongano wa adrese, na yeye alikibonyezea OK bila kusoma, kama anavyosaini kila karatasi ya ushirika.

Mama Soraya ndiye aliyeling'amua kwanza. Alimvuta Olga nyuma ya nyumba, kwenye magunia.

"Mama Protokole, weye haukuone? Prezida akiingia, koneksio inatoka."

"Nyamaza, Soraya."

"Minasema tu. Miaka yote nilikuwa najua ushirika unatembea muzuri kama Prezida haiko. Sasa hata mashine imejua."

Ofisini kila mtu alijua, na kila mtu alitazama dari. Nani amwambie? Badala yake sahani ilihamishwa paa hili hadi lile. Mtu mmoja wa maombi alileta mafuta akapaka kisanduku, shehe wa jirani akaombwa dua, wote wawili kwa heshima kubwa na bila matokeo. Papa Octave mwenyewe alitoa uamuzi kwamba tatizo ni ukosefu wa umakini, akaita kikao juu yake, na muda wote wa kikao koneksio haikuwapo. Mwishoni alipiga simu Kindu, mlango wazi ili Olga asikie vizuri.

"Hervé, mwanangu, tayarisha moto, pikipiki yako. Mukutano iko karibu."

Olga alirudi nyumbani akajaribu kuita jina la mtoto wake kutoka uani, kujipima tu. Kilichotoka kilikuwa upepo. Akakaa kwenye kigoda, akatafuta simu.

Kassimu hapatikani Lusangi isipokuwa anapopanda kichuguu kilicho nyuma ya machimbo, na kichuguu kile kina foleni. Olga alipiga, akapiga, mpaka siku moja, kabla ya jua la mchana, akapokelewa na sauti yenye upepo na nyundo nyuma yake.

"Yaya! Unakohoa ama unasema?"

"Ninasema. Mashine inakufa Prezida akiingia."

"Ulimupa namba gani?"

"Moja. Ulitaka nimupe gani?"

Kassimu alicheka mpaka waliokuwa kwenye foleni ya kichuguu wakaanza kumtukana. "Yaya, moja ni ya kisanduku! Njo nilikuwa nasema siku ile, Prezida akapita. Kile kisanduku njo mulango. Kila ujumbe unataka kutoka inje ya avenyu unapita kwake. Sasa umekalisha Prezida mu mulango. Watu wanapiga hodi kwa mulango, wanamukuta Octave. Octave anajua njia ya kwenda inje?"

"Hajui."

"Basi! Barua zote zinafia kwake. Mupe namba ingine."

"Kassimu. Mutoto wangu. Weye unaweza kumwambia Octave hayuko wa kwanza?"

"Mimi niko Lusangi, yaya," akasema Kassimu kwa furaha ya mtu aliye mbali.

Hata hivyo Olga alijaribu. Alisimama mbele ya meza ya Papa Octave, akaeleza kwa upole mambo ya avenyu, ya parseli na ya mlango, na kwamba namba moja, kwa bahati mbaya, ina mwenyewe.

"Nani?"

Olga akaelekeza kidole. Kisanduku kilikuwa kwenye rafu, taa zake zinapepesa bila aibu.

Papa Octave alikitazama muda mrefu. "Kile kilikuja lini?"

"Juzi juzi tu, Prezida."

"Na mimi niko hapa toka lini?"

"Toka mwanzo, Prezida."

"Basi kisimame."

Mtu mwingine angetoka analia. Olga alitoka anafikiri, kwa sababu hilo neno, kisimame, lilikuwa la kazi yake. Mara ngapi amemsimamisha mtu kwenye kiti cha mbele ili mkubwa akae, na yule aliyesimamishwa asione kama ametukanwa? Na kwenye harusi, anayelinda mlango anakaa wapi? Hakai mbele. Anakaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, na hakuna anayemkosa, mradi kila mgeni ameambiwa mlango uko upande gani.

Akampigia Kassimu tena. Foleni ya kichuguu ilikuwa imempisha; sasa walitaka kujua hadithi inaishia wapi.

"Kisanduku kinaweza kukaa parseli ingine?"

"Kinaweza kukaa fasi yoyote, yaya. Moja ni desturi tu, haiko sheria. Lakini kila mashine lazima uiambie kwamba mulango umehama. Ukisahau moja, ile itapiga hodi kwa Octave mpaka Yesu arudi."

"Ya mwisho ni mia mbili makumi tano na ine?"

"Njo hiyo. Ingine ni ya kulalamika."

Mchana wote Olga alifanya kazi mlango umefungwa. Alikihamisha kisanduku kutoka 1 kwenda 254, na papo hapo ukurasa aliokuwa anaufanyia kazi ukatoweka kwenye kioo. Jasho lilimtoka. Halafu akajicheka: kama mtu amehama, unampigiaje hodi nyumba ya zamani? Akaandika adrese mpya, kisanduku kikaitika. Akapita mashine kwa mashine, pale palipoandikwa mlango akaweka 254, kama mtu anayenong'oneza kila mgeni sikioni. Mashine ya Papa Octave nayo aliionyesha mlango mpya, lakini namba yake aliiacha palepale. Moja. Ikivuma.

Siku ya mkutano wajumbe wa Kabambare walifika wamekuwa rangi ya barabara, wakakaa na kuvua viatu kupumzisha miguu. Pikipiki zao zilikuwa zimebebwa na watu sehemu nyingi kuliko zilivyowabeba. Hervé naye alikuwa amefika, tai imenyooka, amekaa karibu na kiti cha Olga, si juu yake bado, karibu tu, akikipima kwa jicho.

Papa Octave alifungua mashine yake mbele ya wote. Chuma kikavuma. Mama Soraya akafumba macho. Na koneksio, kwa mara ya kwanza Prezida akiwapo, ikabaki. Bei ya mpunga ya Kindu ikaonekana kwenye kioo, kisha ya Bukavu, kisha, kwa sababu Papa Octave aligusa mahali, mechi ya mpira. Makofi.

"Munaona," akasema, "hapa kila mashine iko na namba yake. Mimi niko namba moja."

Angenyamaza hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini aliyekuwa mbele yake ni Papa Ayoubu, mkuu wa tawi la Kabambare, mzee mwembamba aliyesafiri siku nzima na vumbi kinywani. Alipangusa ndevu.

"Vizuri sana, Prezida. Sisi nasi tunapewa sahani yetu mwezi unaokuja. Mimi nitakuwa namba ngapi?"

"Unauliza tena? Namba mbili."

"Mbili iko yangu!" akapaza Mama Soraya.

"Basi tatu."

Papa Ayoubu akavaa viatu vyake polepole, na wenzake wote wakaanza kuvaa. Pale Kabambare wanajua kulima mpunga kuliko Kasongo, hilo hata Kasongo wanalijua; viatu vile vikitoka, ushirika unabaki jina na kisanduku. Papa Octave alimtazama Hervé. Hervé akarekebisha tai. Papa Octave akamtazama Olga.

Olga akasimama. Sauti ilikuwa uzi tu, kwa hiyo ikabidi wote wanyamaze ili waisikie, jambo ambalo hakuwahi kulipata alipokuwa na sauti nzima.

"Papa Ayoubu, samahani, kaa kwanza. Kabambare haiko mu avenyu yetu. Kabambare itakuwa na avenyu yake na mulango yake. Mu ile avenyu weye uko namba moja."

"Moja kama huyu?"

"Moja kamili. Adrese moja na yake, namba kwa namba. Haigongane, kwa sababu kila mutu iko nyuma ya mulango wake."

"Kwa hiyo hakuna mukubwa wa mwingine?"

"Mu avenyu yako hakuna."

Papa Ayoubu akavua kiatu kimoja. "Na watu wa inje? Ulaya kule wanaona mimi ni moja?"

Hapa Olga alisita, kwa sababu Kassimu alishamweleza hili kutoka kichuguuni. Watu wa nje hawaoni chochote. Wanaona mlango tu. Hizi namba zetu za ndani zinatumika duniani kote, kila nyumba yenye kisanduku inazo zilezile. Wako mamilioni, wote namba moja, kila mmoja mkubwa nyuma ya ukuta wake. Papa Octave alikuwa ameinama mbele akingoja jibu kuliko hata Papa Ayoubu.

"Watu wa inje," akasema Olga, "wanaheshimu sana mulango wako."

Papa Ayoubu akavua kiatu cha pili.

Kazi ikawa ya Olga siku ileile. Papa Octave aliitangaza mwenyewe, akisema siku zote alijua. Hervé aliteuliwa mshauri, akaomba namba, Olga akampa mia mbili, na Hervé akafurahi, maana amekulia shuleni ambako namba kubwa ndiyo nzuri. Mwenyewe Olga alijiandikia 253, jirani wa mlango, pale anapokaa mtu wa protokole wageni wote wakishaketi. Ufunguo uko kwenye kamba ya shingo yake. Siku nzima hasemi zaidi ya maneno machache, na daktari anajisifu mjini kwamba amemponya.

Kisanduku nacho kiko kwenye rafu, 254, taa zinapepesa. Papa Octave akipita hukitupia jicho, kuhakikisha hakijasogea.

Juzi alirudi mlangoni, mikono nyuma, akajikohoza.

"Mama Olga. Mbele ya moja kuko sifuri, hapana?"

"Iko, Prezida."

"Nani anakaa pale?"

Olga hakuinua macho kutoka kwenye kioo. "Hakuna mutu, Prezida. Ni jina la avenyu yenyewe. Haikaliwe."

"Kwa hiyo haina mwenyewe," akasema Papa Octave. Kisha akavuta kiti, akakaa.